Timu Inavuka Mpaka, Vyeti Viko Wapi?

Mpinzani wa kwanza wa timu yako ni kalenda. UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za sekondari, huchezwa katikati ya mwaka, na mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, yale ya FEASSSA, huchezwa Agosti. Katikati hapo zimebaki wiki chache tu. Ndani ya wiki hizo huwezi kumtafutia mtoto cheti cha kuzaliwa, kurekebisha herufi za jina lake, kumpata baba aliyeko shambani Ifakara ili asaini, kuomba pasipoti, kuchanja, na bado ukabakiwa na muda wa mazoezi. Mwalimu anayesubiri timu ifuzu ndipo ashughulikie karatasi hujikuta anapanga kikosi kwa kuangalia nani ana cheti, na mfungaji wake bora anabaki Mazimbu akisikiliza matokeo kwa simu.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza Januari, siku shule zinapofunguliwa, wakati hakuna anayejua kama mtafuzu. Nimeuandika nikimfikiria mwalimu wa michezo wa sekondari ya kawaida hapa Mazimbu au Kihonda, Morogoro, mwenye vipindi darasani, mpira mmoja mzuri na mingine ya kushonashona, na watoto wenye vipaji kweli.

Usiseme safari hizi ni za wengine. Aprili 2023 wasichana wa Fountain Gate, shule ya Dodoma, walikwenda Durban, Afrika Kusini, kwenye mashindano ya CAF ya soka ya shule za Afrika. Walirudi mabingwa wa bara zima, na dola 300,000 za zawadi kwa shule. Kutoka Msamvu hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 260 tu, barabara ileile tunayopita sote. Nayo FEASSSA ni ya karibu zaidi: mwaka 2022 ilichezwa Arusha, 2023 Huye nchini Rwanda, 2024 Mbale nchini Uganda, 2025 Kakamega nchini Kenya. Kote huko basi linafika.

Januari ni mwezi wa karatasi

Andika orodha ya wanafunzi 30, hata kama kikosi cha netiboli ni watu 12. Wengine wataumia, wengine watahama, na yule wa kidato cha kwanza ambaye leo hujamtilia maanani huenda Juni akawa ndiye mlinzi wako tegemeo. Mbele ya kila jina weka nafasi nne: jina lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, lilivyo kwenye cheti cha darasa la saba, lilivyo kwenye namba ya PReM, na tarehe ya kuzaliwa ilivyo kwenye kila kimoja. Kisha kaa chini na mwalimu wa taaluma mlinganishe herufi kwa herufi.

Hapo ndipo utakapoyaona makosa. Salum wa cheti kimoja ni Salumu kwenye kingine, Halima amekuwa Alima, Rajab ameongezewa u. Mtoto mmoja ameandikishwa shule kwa jina la babu mzaa baba, lakini cheti cha kuzaliwa kina jina la ukoo. Mwingine alipunguzwa mwaka mmoja wakati wa kuanza la kwanza ili afanane na wenzake. Pale shuleni hakuna aliyejali kwa miaka kumi, lakini ofisa wa uhamiaji atajali ndani ya dakika moja, naye ana haki, maana kazi yake ni kuhakikisha kwamba aliyeandikwa ndiye aliyesimama mbele yake.

Watoto watagawanyika mafungu matatu. Wenye cheti, hao wape nakala mbili na uwaombe wazazi wakiweke mahali pakavu. Wenye tangazo la kizazi tu, lile la hospitali, hao kazi yao si kubwa. Wasio na chochote, ambao mara nyingi walizaliwa nyumbani huko milimani, Kinole au Matombo, hao ndio waanze wiki ya kwanza. Usajili unafanywa na RITA, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya au kwa mtandao wa eRITA. Kusanya kila ushahidi uliopo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, kitambulisho cha mzazi. Mtoto aliyepita umri wa miaka 10 huombwa ushahidi zaidi, na wanafunzi wako wote wameshapita. Panga mwalimu mmoja afuatane na wazazi siku ya kwenda. Mzazi aliyerudishwa mara mbili kwa kukosa karatasi moja harudi mara ya tatu, na simlaumu, kwa sababu kila safari ni nauli na siku ya kibarua iliyopotea.

Mkuu wa shule atakuuliza: na kama hatufuzu, shughuli yote hii ya nini? Mjibu bila kusita. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu humtaka mwombaji awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Mtoto atakayekosa safari ya Agosti atakitumia cheti hicho siku ya kuomba mkopo wa chuo, siku ya kuomba kitambulisho cha taifa, siku ya kuomba kazi. Mimi naona hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ambayo timu ya michezo inaweza kuiletea shule ya kata: wanafunzi 30 wanaotambulika kisheria kwa majina yao sahihi. Ukiwaeleza wazazi hivyo, watakuelewa haraka kuliko ukiwaeleza habari za kombe.

Pasipoti yenyewe isubiri. Uhamiaji watataka kuona sababu ya safari, na barua ya mwaliko haitakuwepo mpaka mfuzu. Lakini ukiwa na vyeti vya watoto, vyeti vya kuzaliwa vya wazazi au viapo vyao, na barua ya ofisa elimu, hatua hiyo huenda kasi. Tangu Januari 2018 Tanzania inatoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, na ada yake ni Sh 150,000. Kwa wachezaji 12 na viongozi wanne hiyo ni Sh 2,400,000, fedha ambazo shule nyingi hazina. Ipo hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu sana na hutumika kwa nchi jirani. Nenda ofisi ya uhamiaji ya mkoa mapema, ueleze ni timu ya shule, uulize ipi inawafaa kwa nchi mnayokwenda. Usiende mpakani na vitambulisho peke yake kwa kuwa uliwaona Wakenya na Waganda wakipita navyo. Makubaliano ya kuvuka kwa kitambulisho ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Mtanzania huulizwa pasipoti au hati.

Mazimbu ina sababu yake ya kuliheshimu jambo hili. Hapa palikuwa shamba la mkonge. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa eneo hili ANC ya Afrika Kusini, na mwaka uliofuata ikaanza shule iliyokuja kubeba jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Vijana waliosoma katika majengo ambayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) walikuwa wamekimbia nchi ambayo isingewapa pasipoti ya kuwa raia kamili. Kiongozi wao, Nelson Mandela, alipopita Dar es Salaam mwanzoni mwa 1962, alipewa na Tanganyika karatasi ya kumruhusu kutoka na kurudi, nayo ikamfikisha Addis Ababa. Wape wachezaji wako habari hii siku mnapokwenda kupiga picha za pasipoti. Watashika karatasi zao kwa mikono miwili.

Mamluki

Nitalisema waziwazi kwa kuwa ndilo doa la michezo ya shule zetu. Usimchezeshe mamluki. Kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi na kuvalishwa sare, mchezaji wa timu ya mtaa aliyeandikishwa Mei ili acheze Juni, binti aliyepewa cheti cha mdogo wake: hao wote hugundulika, na huko nje hugundulika haraka zaidi, kwa sababu kila nchi inaleta watu wa kukagua hati za wenzao. Timu ikifungiwa hafungiwi mamluki peke yake. Mtoto wa kweli wa kidato cha pili, aliyeamka saa 11 alfajiri miezi sita mfululizo, anapoteza safari yake kwa ajili ya mtu mzima aliyekuja kutafuta posho.

Kuna njia nyingine ya kulikwepa hili ambayo walimu wengi hawaifikirii: acha wanafunzi wenyewe wajue kanuni ya umri. Bandika ukutani. Wao ndio wanaojuana, na nahodha anayejua kanuni atakuja kukuambia kabla ya mpinzani.

Sahihi ya nani?

Kibali cha mzazi ni karatasi, lakini ni mazungumzo kwanza. Kisheria unahitaji sahihi ya mzazi au mlezi, na kwa mtoto anayesafiri bila mzazi wake ni vyema barua ithibitishwe kwa hakimu au wakili. Fanya hivyo. Ila katika familia za Kiluguru usiishie hapo. Ukoo wa Waluguru hufuata upande wa mama, na kwa mambo makubwa ya mtoto, hasa wa kike, neno la mjomba lina uzito. Baba anaweza kusaini asubuhi, mjomba akauliza jioni kwa nini hakuambiwa, na binti akazuiwa usiku wa kuamkia safari. Uliza mapema: mama, nani mwingine anatakiwa kusikia habari hii? Kisha mfuate huko aliko, hata kama ni kupanda mpaka Mgeta. Msalimie, shikamoo yako iwe ya kweli, kaa, kunywa uji. Eleza mnakwenda wapi, mtalala wapi, nani atawalinda watoto, mtarudi lini. Mjomba aliyeshirikishwa ndiye atakayewatuliza wengine siku basi litakapochelewa kurudi.

Kwenye kikao cha wazazi wataje kwa majina walimu watakaosafiri. Timu ya wasichana isiondoke bila mwalimu wa kike au matroni anayelala jengo moja nao. Bila huyo, ahirisha safari. Waeleze pia kanuni zako: hakuna kiongozi anayekaa peke yake na mchezaji chumbani, hakuna mwanafunzi anayetoka kambini na mtu mgeni hata akiwa amevaa kitambulisho cha mashindano, na kila mtoto anajua mtu wa pili wa kumwambia endapo tatizo ni kocha mwenyewe. Wafundishe namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto hapa kwetu, na namba hiyohiyo inatumika Kenya na Uganda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakutaka umlinde mtoto uliyekabidhiwa. Mzazi aliyekukabidhi binti yake anatamani kukusikia ukiyasema haya mwenyewe kabla hajayauliza.

Mlima uko nyuma ya mji

Sasa tuje uwanjani. Morogoro mjini tuko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mbale iko kwenye mita 1,100 na zaidi, Kakamega 1,500, Huye 1,700, na Eldoret, ambako FEASSSA ilichezwa 2016, iko juu ya mita 2,000. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kuliko uliyozoea. Mchezaji wako anayemaliza robo nne za netiboli hapa Mazimbu bila kutweta ataanza kuhema robo ya pili akiwa Huye, na atadhani anaumwa. Mwambie mapema kwamba haumwi. Mpira nao huruka mbali zaidi kwenye hewa nyepesi, hivyo pasi ndefu na mashuti ya mbali yanahitaji kupimwa upya.

Tuna bahati ya Uluguru. Mara moja kwa wiki, Jumamosi, wapeleke watoto mjini kwa daladala, kisha pandeni kwa miguu kuelekea Morningside, ile nyumba ya zamani iliyojengwa enzi za Wajerumani. Pandeni kwa mwendo wa kuzungumza, teremkeni taratibu kulinda magoti. Lakini usijidanganye kuhusu faida yake. Kupanda asubuhi na kushuka mchana hakuizoeshi damu kuishi juu. Mwili huhitaji siku kadhaa hukohuko kuanza kuzoea, na wiki kadhaa kuongeza chembe nyekundu. Kinachopatikana Morningside ni mapaja, mapafu yaliyozoea kazi ndefu, na watoto waliojifunza kusubiriana njiani. Ili kuzoea mwinuko wenyewe, dawa ni kufika mapema. Omba bajeti ya kufika siku mbili au tatu kabla ya mechi ya kwanza, na siku hizo fanyeni mazoezi mepesi, maji mengi, kulala mapema.

Kinachowaangusha wengi ni ratiba ya mashindano, kuliko hata mwinuko. Kwetu tunacheza mechi ya kirafiki Ijumaa, kisha tunapumzika wiki. Huko unacheza leo, kesho, na keshokutwa asubuhi. Kwa hiyo mwezi Julai wape siku tatu za mechi mfululizo dhidi ya shule jirani. Kilakala wako pale chini ya mlima, Kihonda ni jirani zetu. Siku ya tatu ndiyo ya kuangalia. Andika nani ameanza kuchelewa kurudi kwenye nafasi yake, nani anagombana, nani hali chakula. Hapo utajua kikosi chako cha pili kinatakiwa kuwa imara kiasi gani, na utaacha ile tabia ya kuwachezesha walewale saba mpaka miguu inakufa.

Fanyeni mazoezi pia kwenye sakafu ngumu. Sisi tumezoea udongo mwekundu na nyasi, wenzetu wengi wanachezea lami au saruji. Raba iliyoisha kisigino haina shida kwenye udongo, ila kwenye saruji inavunja kifundo. Na mfundishe nahodha maneno ya mchezo kwa Kiingereza, pamoja na namna ya kumwuliza mwamuzi kwa heshima, maana vikao vya ufundi na maelezo ya waamuzi mara nyingi huenda kwa lugha hiyo.

Afya

Chanjo ya homa ya manjano ifanyike mapema, kwani cheti chake hutambulika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Uganda inakidai kwa kila anayeingia mwenye umri unaozidi mwaka mmoja. Chanjo moja inatosha maisha yote, kwa hiyo hiyo nayo ni karatasi ya mtoto ya kudumu. Uliza ofisi ya mganga mkuu wa manispaa inatolewa wapi. Atatokea mtu wa kukuuzia kadi za manjano bila sindano. Mkatae. Ukinunua kadi hiyo umemnyima mtoto kinga dhidi ya ugonjwa unaoua, na umemfundisha kudanganya mbele ya mpaka.

Kila mchezaji apimwe kabla ya Juni: malaria, wingi wa damu, pumu, na selimundu. Usiruke hiyo ya mwisho. Mwenye selimundu anaweza kuzidiwa vibaya na baridi, kukosa maji na mwinuko, na wapo watoto wanaofika sekondari bila kujua hali zao. Wasichana wengi wana upungufu wa damu ambao wao wanauita uchovu. Mchicha, maharage, dagaa na vidonge vya kuongeza damu kwa ushauri wa mhudumu wa afya vinaweza kukupa mchezaji tofauti ndani ya miezi michache. Beba taulo za kike za kutosha timu nzima na uzigawe zote siku ya kuondoka, ili asiwepo binti wa kusimama mbele ya kocha wa kiume kuomba.

Sanduku la dawa libebe kipimo cha haraka cha malaria, dawa mseto, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, bandeji, plasta, na dawa za pumu za wenye pumu. Kadi ya bima ya afya ya nyumbani usiitegemee ng'ambo. Tenga fedha taslimu ya hospitali ambayo haiguswi kwa kitu kingine. Na beba vyandarua. Mtalala kwenye mabweni ya shule mwenyeji, na mbu wa Kakamega au Mbale ni kama wa kwetu.

Chakula kitakuwa kingi lakini kigeni: matoke, isombe, githeri. Watoto wako watakula kidogo siku mbili za kwanza, nao ndio wanaocheza. Beba unga wa lishe mnaoupikia uji hapa shuleni, karanga za kukaanga, na sukari. Kikombe kimoja cha uji wa nyumbani saa 12 asubuhi kinaondoa njaa na ugeni, vyote viwili. Kwa wachezaji Waislamu uliza mapema, kwa barua, nani anachinja na jikoni kukoje.

Njia na mpaka

Kwenda Huye pitia Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi Rusumo. Kwenda Mbale, zunguka Ziwa Victoria kupitia Bukoba na Mutukula, kisha Kampala na Jinja. Kakamega ina njia mbili, ya Mwanza na Sirari, au ya Arusha na Namanga. Mimi ningechagua ya Sirari, maana Kisumu iko karibu na hamtaingia kwenye foleni za Nairobi. Tangu Julai 2024 kuna treni ya SGR kutoka Morogoro hadi Dodoma. Ukiweza kuwapandisha watoto treni kipande hicho na kuwakuta na basi Dodoma, utawapunguzia saa kadhaa za kukaa wamekunja miguu.

Basi liwe na madereva wawili, na liwe na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki. Bila hiyo dereva atanunua bima mpakani kwa bei ya mpakani. Msisafiri usiku. Najua gharama ya kulala njiani, na najua hoja ya kuokoa siku. Lakini watoto hawa mmekabidhiwa kwa mikono ya mama zao, na barabara zetu za usiku tunazifahamu. Laleni Singida au Kahama, kwenye shule ambayo ofisa elimu amekuandikia barua. Usisahau kwamba Rwanda magari hupita kulia: wakumbushe wachezaji kutazama kushoto kwanza wanapovuka barabara, jambo dogo ambalo likisahaulika siku ya kwanza mtu anaweza kugongwa.

Saa nazo ziangalie. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na ratiba za mashindano huandikwa 09:00 au 14:00. Tafsirini ratiba yote kwa saa za Kiswahili na za nchi mliko, ibandikeni mlangoni. Timu ikichelewa kufika uwanjani inapoteza mechi bila kugusa mpira.

Mpakani, pasipoti au hati zote zikae kwa kiongozi mmoja kwenye mfuko mmoja, na nakala zote zikae kwa kiongozi wa pili kwenye basi. Wateremke kwa mpangilio wa orodha iliyobandikwa kwenye mfuko. Vituo vya pamoja vya Rusumo, Mutukula, Sirari na Namanga hukugongea muhuri wa kutoka na wa kuingia sehemu moja, hivyo kundi lililojipanga linapita kabla wanafunzi hawajaanza kuuliza kuhusu chakula. Kundi lililotawanyika kununua soda linakaa mpaka jioni.

Kabla ya yote hayo hakikisha kibali cha Baraza la Michezo la Taifa (BMT) kimepatikana. Kwa FEASSSA wizara na viongozi wa michezo ya shule ndio wanaosimamia msafara, na timu hukabidhiwa bendera ya taifa. Ila mkialikwa peke yenu na shule ya nje, au mchezo wenu haumo FEASSSA, mnapita kwenye chama cha mchezo huo kisha BMT. Wapo walimu walioniuliza kuhusu makasia, kwa kuwa mbio za makasia za pwani zimo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, na jirani zetu Waganda wamempeleka Kathleen Noble Olimpiki ya Tokyo na ya Paris. Ni ndoto nzuri, na Mwanza na Zanzibar wana watoto waliokulia kwenye mitumbwi na ngalawa. Hapa Mazimbu, maji ya karibu ni Bwawa la Mindu, nalo ndilo chanzo kikuu cha maji ya kunywa ya mji, chini ya mamlaka ya maji, MORUWASA. Usiingize wanafunzi mle bila ruhusa ya maandishi, usiwaingize kabla ya kujua kuogelea, na usiwaingize bila maboya. Anza na kuogelea. Mwaka mzima wa kuogelea hautapotea.

Mkirudi

Safari hula siku 10 hadi 14 za Agosti, na Novemba kuna mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne. Kabla ya kuondoka omba kwa walimu wa masomo kazi za wiki mbili, na kila jioni kambini tenga saa moja na nusu ya daftari, simu zikiwa zimezimwa. Mkirudi, wapatieni wachezaji wa mwaka wa mtihani vipindi vya ziada mpaka wafikie wenzao. Mzazi atakusamehe kombe lililokosekana, ila hatakusamehe divisheni sifuri.

Rudisha kila pasipoti, kila cheti na kila kadi ya chanjo mkononi mwa mzazi, asaini kwenye daftari kwamba amepokea. Zisibaki kabatini kwa mkuu wa shule. Walimu huhamishwa, ofisi hupakwa rangi, makabati hutolewa. Andika taarifa ya fedha yenye risiti, isomwe kwenye kikao cha wazazi, hata kama kilichobaki ni Sh 8,000. Kisha chukua ile orodha ya watu 30, futa wa kidato cha nne, na wiki ya pili ya Januari pita darasa la kidato cha kwanza ukiuliza nani hana cheti cha kuzaliwa.